Migomba ya Karagwe na Sahani ya Mama

Pale Kyaka, karibu na Mto Kagera, barabara ya Karagwe huiacha ile ya kwenda Mutukula na kuanza kupanda. Tulikuwa akina mama watatu. Tulikuwa tumelala Bukoba usiku mmoja, na sasa tulibanana kwenye kiti cha nyuma cha basi dogo pamoja na kapu la dagaa tulilobeba kama zawadi. Lami kutoka Kyaka hadi Bugene ni kilometa 59 hivi, na kadiri gari lilivyopanda ndivyo joto la ziwani lilivyobaki nyuma. Kwanza tulipita nyika za majani, zile ambazo wenyeji huziita rweya. Halafu ikaanza migomba. Migomba kushoto, migomba kulia, migomba mpaka juu ya vilima, na katikati yake nyumba za bati zikichungulia kama watoto waliojificha.

Mmoja wetu ni mzaliwa wa Dodoma, mahali ambapo mvua ikikosea mwezi mmoja ghala hubaki tupu. Alitazama nje ya dirisha kwa muda mrefu, kisha akasema: "Watu wa huku hawajui njaa." Tulikubaliana naye. Siku tano baadaye hakuna aliyethubutu kulirudia neno hilo.

Kijani kila upande

Karagwe ni wilaya ya vilima, na makao yake makuu yako Kayanga. Upande wake wa kaskazini-magharibi iko Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na Mto Kagera ndio mpaka. Wenyeji ni Wanyambo. Mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka, ya vuli na ya masika, kwa hiyo maharage huvunwa mara mbili. Kahawa husimama chini ya migomba, mahindi na mihogo hukaa pembeni, na ng'ombe wenye pembe ndefu huchungwa kwenye nyika. Mparachichi hauhitaji hata kupaliliwa. Unazaa na kuangusha.

Tulikuwa tunakwenda kumtembelea mwenzetu tuliyesoma naye sekondari, aliyeolewa katika kijiji kimoja si mbali na Kayanga. Tulipokelewa kwa heshima zote. Mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Ma kama ilivyo adabu ya mkoa huu kwa mwanamke mtu mzima, alituletea kikapu kidogo kilichosukwa vizuri chenye kahawa ya kutafuna. Jioni likaja sinia la ndizi zilizofunikwa kwa majani ya mgomba, laini, zikitoa mvuke, na pembeni bakuli la maharage. Tulikula mpaka tukashindwa. Shemeji yetu alicheka, akasema mgeni asiyemaliza ndizi hajafika Karagwe.

Siku ya mama huanza gizani

Kesho yake tuliamka saa kumi na moja alfajiri kwa sauti ya ndoo. Mwenzetu alikuwa tayari anakwenda kuteka maji, mtoto wa miezi kumi na minne mgongoni. Tuliondoka naye. Maji yako bondeni na nyumba iko mlimani, kwa hiyo kwenda ni mteremko na kurudi ni mlima, na ndoo ya lita ishirini iko kichwani. Baada ya hapo alifagia, akawasha moto na kuchemsha chai ya rangi yenye sukari nyingi. Wanafunzi wakanywa na kuondoka. Yeye akanywa kikombe kimoja akiwa amesimama, akachukua jembe.

Tulilima naye maharage kwenye shamba la mbali. Tuseme kweli: sisi wa mjini tulichoka baada ya nusu saa tukakaa kivulini. Yeye aliendelea, akisimama tu kumnyonyesha mtoto. Ilipofika saa saba hivi mchana tulimwona ameinama, ameshika mpini wa jembe kwa mikono miwili, hasogei. Tulimkimbilia. Macho yake yalikuwa yamefumba na jasho lilikuwa la baridi.

"Kizunguzungu tu," alisema. "Kitapita. Nimezoea."

Neno hilo, nimezoea, lilituumiza kuliko kizunguzungu chenyewe. Tangu jioni ya jana alikuwa hajaweka kitu tumboni isipokuwa ile chai. Mlo wake wa kwanza ulikuwa saa tisa alasiri, baada ya kumenya ndizi, kuzipika na kumgawia kila mtu. Tulitazama sahani yake: ndizi mlima mzima, na mchuzi wa maharage wenye punje za kuhesabu. Punje zenyewe zilikuwa zimekwisha kwa watoto na kwa wageni, yaani sisi.

Kulima kwa jembe la mkono hutumia nguvu mara nne hadi tano kuliko kukaa tu. Kunyonyesha nako kunamdai mama kalori kama 500 zaidi kila siku. Mwili ukinyimwa hautoi risiti. Huchota kwanza kwenye akiba yake mwenyewe, mafuta, misuli na madini ya chuma ya damu, na akiba ikipungua mama huanza kuona giza shambani akadhani ni jua.

Kwenye ubao wa kupimia

Siku ya tatu ilikuwa siku ya kliniki. Tulimsindikiza mwenzetu na watoto wake wawili wadogo: yule wa mgongoni na dada yake anayekaribia kutimiza miaka mitatu. Huyu wa pili ni mtoto mchangamfu, mwenye mashavu ya duara, na tangu tulipofika alikuwa akitufuata kila mahali. Hakuna kati yetu aliyemwona kuwa mgonjwa.

Muuguzi alimpima uzito. Kisha akamsimamisha kwenye ubao wenye sentimita, visigino vimegusa ukuta, akateremsha kibao mpaka kichwani. Akaandika. Akapima tena. Halafu akatuuliza umri wake, kana kwamba kadi haikuuonyesha.

"Mama, mtoto huyu ni mfupi kwa umri wake," alisema kwa upole. "Amedumaa."

Mwenzetu hakuelewa, au hakutaka kuelewa. "Baba yake si mrefu," alisema. Muuguzi akamweleza kwamba watoto wadogo waliolishwa vizuri hukua karibu sawa popote duniani, na kwamba ufupi wa baba si sababu ya kutosha katika umri huo. Hapo mwenzetu akasema maneno ambayo nadhani kila mama wa Karagwe angeyasema: "Lakini mtoto huyu anakula! Anashiba kila siku! Sijawahi kumlaza na njaa hata usiku mmoja!"

Na ilikuwa kweli. Hakusema uongo hata kidogo.

Muuguzi hakumkemea. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamwambia: "Najua anashiba. Ameshiba ndizi. Tumbo limejaa, lakini mifupa inasubiri."

Kushiba na kulishwa

Msomaji mpendwa, tusiidharau ndizi. Ni chakula kizuri. Inatia nguvu, ina madini ya potasiamu, haihitaji kusagwa, na mgomba huzaa mwaka mzima. Lakini chakula kimoja hakiwezi kufanya kazi ya vyote. Gramu mia moja za ndizi za kupika zina protini kama gramu moja tu, mafuta karibu hakuna, na madini ya chuma na zinki ni kidogo mno. Mtoto wa miaka miwili anahitaji protini gramu 12 au 13 hivi kwa siku. Akitegemea ndizi peke yake itabidi ale zaidi ya kilo moja kila siku, na tumbo lake ni dogo kama ngumi zake mbili. Atashiba mara nyingi kabla hajafika.

Sasa tazama upande wa pili. Yai moja lina protini gramu sita hivi. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu saba. Ukivijumlisha, hesabu ya siku imefika, na vitu vyote viwili viko nyumbani kwa mwenzetu. Kuku wanatembea uani. Maharage yamo ghalani.

Hili la ndizi halikugunduliwa jana. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Buganda ambako matoke ndiyo chakula, madaktari wa hospitali ya Mulago jijini Kampala walihangaika sana katikati ya karne iliyopita na watoto wenye kwashakoo, waliovimba miguu na nywele zao zikageuka rangi. Watoto hao hawakutoka katika nchi ya njaa. Walitoka kwenye migomba. Katika miaka ya 1960 kitengo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, yaani mtoto mwenye afya, kiliwafundisha akina mama kupika kitobero: ndizi, maharage au karanga zilizotwangwa, na dagaa au yai, vyote vimefungwa pamoja katika jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke juu ya chungu kilekile cha familia. Hakikuhitaji duka, wala sufuria nyingine, wala kuni zaidi.

Nchini kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika utafiti wa aina hiyohiyo wa mwaka 2015/16 walikuwa 34, na mkoa wa Kagera ulikuwa na takriban wanne kati ya kila kumi. Hii ni Kagera ya mvua misimu miwili.

Je, ufupi una ubaya gani? Mkoa wenyewe umetoa jibu. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walitembelea kaya zaidi ya 900 katika Kagera, wakawapima watoto, kisha wakarudi kuwatafuta mwaka 2004 wakiwa vijana. Ilionekana kuwa wale waliokuwa na utapiamlo utotoni walichelewa kuanza shule na walisoma madarasa machache kuliko wenzao. Mtoto anayedumaa hapungui kimo tu. Ubongo nao ulikuwa unajengwa katika siku hizohizo, tangu mimba ilipotungwa hadi mwaka wa pili wa kuzaliwa.

Gunia linaloondoka

Siku ya nne shemeji alikuwa na shughuli Kyerwa, nasi tukapata nafasi katika gari lake. Tulipita Omurushaka, tukaingia katika vilima vya Kyerwa, na tukashuka Nkwenda. Kila tulipopita palikuwa na kitu kinachopakiwa. Mikungu ya ndizi ilipangwa kwenye malori ikiwa imesimama kama abiria. Magunia ya maharage yalishonwa midomo. Trei za mayai zilifungwa kamba. Mama mmoja alikuwa na maparachichi ndoo tatu, makubwa, mengine yamepasuka kwa kuiva.

Tulimuuliza kama nyumbani wanayala. Alicheka. "Haya? Haya ni ya kuuza. Yanayooza tunawapa nguruwe."

Dukani alikonunua sabuni alinunua pia pakiti mbili za biskuti na chupa ya soda kwa ajili ya mtoto aliyebaki nyumbani. Alikuwa na furaha, na ni nani asiyependa kurudi kwa mtoto na zawadi? Lakini tuliifanya hesabu ile njiani na ikatukaa kooni. Ameuza parachichi, ambalo ni mafuta mazuri na vitamini, akanunua sukari na rangi.

Hatusemi watu wasiuze. Ada ya mtoto hailipwi kwa maharage, wala bati haliezekwi kwa mayai. Tunasema kwamba gunia hushonwa mdomo kabla ya kuuliza nyumbani patabaki nini. Kinachouzika huonekana ni mali, na kisichouzika huonekana ndicho chakula.

Katika safari hiyo tuliona pia mashamba yenye mapengo. Shemeji alituonyesha mahali ambapo mnyauko wa migomba ulipita. Ugonjwa huu wa bakteria uligunduliwa Kagera mwaka 2006. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina hutoka utomvu wa njano. Dawa ya kuponya haipo. Mkulima hung'oa mgomba ulioathirika, husafisha panga lake kwa moto, na huondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya kisu. Shemeji mwenyewe alipoteza karibu nusu ya kibanja chake. "Mwaka ule," alisema, "ndipo tulipojua kwamba tulikuwa tumesimama kwa mguu mmoja."

Maneno hayo aliyasema kuhusu shamba. Sisi tuliyasikia kuhusu sahani.

Wake wa ikulu ya Bweranyange

Jioni, tukiwa tumezunguka moto, Ma alituhadithia habari za zamani, na hapo tukakumbushana habari moja iliyoandikwa kuhusu nchi hii. Mji mkuu wa ufalme wa Karagwe ulikuwa Bweranyange. Mwezi Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, alipokelewa hapo kwa ukarimu mkubwa na Omukama Rumanyika. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 alisimulia jinsi wake wa ikulu walivyonenepeshwa kwa maziwa. Mke wa kaka yake mfalme alikuwa mnene hata hakuweza kuinuka. Mwingine alimpima kwa utepe: mkono futi 1 na inchi 11 kwa mzunguko, kifua futi 4 na inchi 4. Binti yake, msichana wa miaka kumi na sita, alikaa hapo akinywa chungu cha maziwa huku baba akiwa na fimbo, asije akaacha.

Katika macho ya siku zile huo ulikuwa uzuri na heshima ya ukoo, na si juu yetu kuwacheka. Lakini tulinyamaza kidogo tukimfikiria binti yule. Alikuwa na chakula tele na hakuruhusiwa kuacha kunywa. Maziwa ni chakula bora, lakini hata chakula bora kikiwa peke yake, na kikizidi, na mwili usifanye kazi, humfunga mtu mahali.

Kisha tukamtazama mwenzetu, aliyekuwa bado anaosha vyombo gizani. Yeye ni kinyume cha wake wa ikulu. Anatembea tangu alfajiri hadi usiku, na chakula ndicho kinachomkimbia. Miaka zaidi ya 160 imepita kati ya wanawake hao, katika nchi ileile, na kosa ni lilelile kwa ncha zake mbili: chakula hakikulingana na kazi ya mwili, wala hakikuwa cha aina nyingi. Mwili wa mwanamke unadai vyote viwili. Ule cha kutosha kwa kazi unayofanya, nawe ufanye kazi ya kutosha kwa chakula unachokula. Wengi wetu wa mjini, tunaopanda daladala kwenda hata sokoni na kukaa kitini mpaka jioni, tuko karibu zaidi na ikulu ya Bweranyange kuliko tunavyodhani.

Nani anakula nini

Tulimuuliza Ma kama enzi zake wanawake walikula mayai. Akatikisa kichwa. "Nyumbani kwetu kuku na mayai vilikuwa vya wanaume. Mwanamke alipika, akaonja chumvi." Katika nchi za kandokando ya Ziwa Victoria miiko ya namna hii haikuwa michache. Kwa Waganda, mwanamke hakula kuku wala mayai, na hata senene aliwakamata na kuwasafisha kwa ajili ya mume. Senene, ambao huku husubiriwa kwa hamu hasa Novemba na Desemba, wamejaa protini na mafuta. Mwanamke alishika chakula bora mikononi, akakipeleka kinywani mwa mwingine.

"Lakini miiko hiyo imekwisha," tulimwambia.

Ma alichochea moto kabla ya kujibu. "Imekwisha midomoni," alisema. "Huyu mkwe wangu hakuna aliyemkataza yai. Mbona sijamwona akila?"

Mwenzetu alisimama pale mlangoni na sufuria mkononi. Hakusema kitu. Nasi tuliinamisha vichwa, maana kila mmoja alikuwa akiikumbuka sahani yake mwenyewe nyumbani: kipande cha nyama kwa baba, watoto wafuate, mama ale ukoko na kusema ameshiba. Hatukulazimishwa na mtu. Tumefundishana kwamba mama mwema ndiye anayekula mwisho. Je, jembe linajua kwamba amekula mwisho? Mtoto anayenyonya anajua?

Shemeji alikuwa amekaa kando akisikiliza. Aliuliza kuhusu kliniki, kwa kuwa alikuwa hajaambiwa. Mkewe akamweleza, sauti ikimtetemeka kama aliyekosa. Shemeji alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Mimi kila siku naona sufuria imejaa. Sikujua kuna kupungukiwa katika sufuria iliyojaa."

Hakuwa mtu mbaya. Kama yeye, kama mkewe, kama sisi kwenye basi, alikuwa ametazama kijani akaona kinatosha.

Jioni ya mwisho

Usiku ule walipatana mambo manne, nasi tunayaandika kama tulivyoyasikia. Debe mbili za maharage zitatengwa kila mavuno kabla gunia halijashonwa. Mayai ya siku tatu katika kila wiki hayatapelekwa sokoni. Nyuma ya jiko, maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, patapandwa mchicha, mnavu na maboga, ambayo majani yake ni mboga. Na mama hatakwenda shambani na chai tupu. Atakula kwanza viazi vitamu au ndizi za jana na karanga, au uji wenye maziwa, hata kama ni kusimama.

La tano halikupatanwa, lilifanyika lenyewe. Kesho yake, siku ya kuondoka kwetu, shemeji alimtuma kijana wake mkubwa kuteka maji.

Kabla ya kupanda gari tulimuuliza yule muuguzi kama mtoto atarefuka. Hakutudanganya. Alisema kimo kilichopotea katika miaka miwili ya kwanza ni vigumu kurudi chote, lakini chakula bora bado kitamsaidia kukua, kupambana na magonjwa na kusoma. Kisha akamgusa mdogo wake mgongoni kwa mama. "Huyu bado tuna wakati," alisema. "Mama akila, huyu anakula."

Picha ya mwisho tuliyoondoka nayo ni ya chakula cha jioni cha siku iliyotangulia. Ndizi zilikuwa zilezile. Lakini pembeni palikuwa na maharage mazito, mchicha uliokaangwa kwa karanga, dagaa wetu wa Bukoba, na parachichi lililokatwa vipande. Ma aligawa yeye mwenyewe. Alijaza sahani, akaweka yai juu, akainyoosha kwa mkwe wake kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote. Mwenzetu akasita, akatazama huku na huku akitafuta mtoto wa kumpa.

"Kaa chini," Ma alimwambia. "Kula kwanza wewe. Kesho una shamba."

Akakaa. Akala.

KWA JIKO LAKO

Kitoweo cha mtoto, cha kufungwa katika jani. Menya ndizi mbili za kupika, uzikate ndogo. Changanya na vijiko vitatu vya maharage yaliyoiva na kupondwa, kijiko kimoja cha karanga zilizotwangwa laini, na kijiko cha dagaa wa unga au yai moja lililopigwa. Funga katika jani la mgomba lililopitishwa motoni, weka juu ya chungu cha ndizi za familia, funika, uache mpaka viive kabisa. Ponda vizuri. Anza kumpa mtoto anapotimiza miezi sita, huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi.

Nyongeza ya mama anayenyonyesha. Nusu parachichi, kiganja cha karanga na kikombe cha maziwa, juu ya milo ya kawaida, vinakaribia zile kalori 500 anazodaiwa.

Maharage. Yaloweke usiku kucha na umwage maji yake. Yataiva upesi na kuokoa kuni. Yale pamoja na ndimu, papai au pera, ili mwili uchukue vizuri madini ya chuma.

Chai na kahawa. Subiri kama saa moja baada ya kula. Ukinywa pamoja na chakula, zinazuia chuma kuingia mwilini, na damu ndiyo inayopata hasara.

Sahani ya siku. Jihesabie kabla ya kulala: leo nimekula kitu cha wanga, kitu cha jamii ya kunde au karanga, kitu kitokanacho na mnyama au samaki, mboga ya majani, tunda, na mafuta kidogo? Kinachokosekana leo, kitafute kesho uani kwako kabla ya kukitafuta dukani.